Mgombea urais: tutajuaje kazi anaiweza kabla hatujampa?

#1 Kalamu ya Ilala (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa uchaguzi tunabishana yaleyale: fulani ana elimu, fulani ana uzoefu, fulani anakubalika mikoani, fulani anajua kuongea. Mimi nasema hayo yote yasubiri swali moja. Akiapishwa asubuhi, jioni anamteua nani?

Katiba haimpi muda wa kujifunza. Ibara ya 51 inamtaka ateue Waziri Mkuu ndani ya siku 14, tena awe mbunge wa kuchaguliwa wa jimbo kutoka chama chenye wabunge wengi, na Bunge limthibitishe. Magufuli aliapishwa 5 Novemba 2015. Siku hiyohiyo akateua Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jina la Waziri Mkuu lilifika bungeni tarehe 19, yaani siku ya 14 yenyewe. Baraza la Mawaziri likatangazwa 10 Desemba, na hata hapo baadhi ya wizara ziliachwa wazi. Na yule alikuwa ametoka kukaa serikalini miaka 20.

Sitaki mgombea atutajie majina jukwaani. Ila mtu asiyeweza kueleza anataka mtu wa namna gani Hazina, wa namna gani Mambo ya Ndani, na Katibu Mkuu Kiongozi atokee wapi, huyo kwangu hayuko tayari. Mnasemaje?

#2 Mjumbe wa Mtaa

Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuzi.

#3 Hansadi

Mkuu Kalamu, hayo yatabaki ahadi, na ahadi huipimi leo. Rekodi ndiyo inapimika.

Kama mgombea amewahi kuwa waziri, ingia tovuti ya Bunge, tafuta Taarifa Rasmi za mkutano wa bajeti, ule wa Aprili hadi mwisho wa Juni. Hotuba yake ya kuwasilisha makadirio iruke kwanza, ile huandaliwa na wataalamu wa wizara. Nenda kwenye majumuisho, pale anapojibu hoja za waliochangia. Halafu shuka kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge anaposimama kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia usipite hadi apate jibu. Pale anajibu papo kwa papo. Soma ukijiuliza: amejibu swali aliloulizwa au amejibu jingine? Ametaja kiasi na tarehe, au kasema "mchakato unaendelea"? Na mbunge aliporudisha shilingi, ameirudisha kwa kuahidiwa nini?

Kisha, na hapa ndipo wengi wanapochoka, fungua mkutano wa bajeti wa mwaka unaofuata, wizara ileile, uone ahadi ile imeishia wapi. Ukifanya hivyo kwa bajeti tatu mfululizo utamjua mtu kuliko kuhudhuria mikutano yake yote ya Jangwani.

#4 Dada wa Sinza

Hansadi, nakubali njia, nakataa unakoelekea. Kwa kipimo hicho aliyekaa serikalini muda mrefu atashinda daima, na historia haisemi hivyo. Marekani walimchagua James Buchanan mwaka 1856: alikuwa amepita Baraza la Wawakilishi, Seneti, ubalozi Urusi na Uingereza, na uwaziri wa mambo ya nje. Wanahistoria wao humweka karibu na mkia wa orodha ya marais wote, nchi ilisambaratika akiwa ofisini. Aliyemfuata, Abraham Lincoln, alikuwa amekaa Congress kipindi kimoja tu cha miaka miwili.

Karibu zaidi na sisi kwa wakati, mwangalieni Liz Truss wa Uingereza. Aliingia baraza la mawaziri 2014, akapita Mazingira, Sheria, Hazina, Biashara na Mambo ya Nje. Uwaziri mkuu wake ulidumu siku 49.

#5 Kalamu ya Ilala

Dada, mfano wa Truss unanipa nguvu mimi. Tazama alichofanya wiki ya kwanza: Katibu Mkuu wa Hazina yao aliondolewa. Tarehe 23 Septemba 2022 serikali yake ikatangaza punguzo kubwa la kodi bila makadirio ya ofisi yao huru ya bajeti. Masoko yakageuka. Kosa lake lilianzia kwenye watu aliowaondoa mezani na karatasi aliyokataa kuisubiri. Wasifu mrefu haukumzuia.

#6 Mhasibu wa Kariakoo

Naongezea kwenye #3, maana Hansard, yaani hizo Taarifa Rasmi za Bunge, peke yake inaweza kumwonea mtu au kumpamba.

Hotuba ya bajeti ya kila wizara ina sehemu fupi watu hawasomi: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizopokelewa hadi Machi au Aprili, zikigawanywa kwa fungu. Afya ni Fungu 52, Elimu Fungu 46, Ujenzi Fungu 98. Gawa zilizopokelewa kwa zilizoidhinishwa. Hadi mwisho wa Machi miezi tisa ya mwaka wa fedha imeisha, kwa hiyo ukiona fedha za maendeleo ziko asilimia 40, kuna mradi umekwama mahali. Lakini usikimbilie kumhukumu waziri. Fedha inatolewa na Hazina. Swali la kumpima yeye ni hili: kwa kile kidogo alichopata, alimaliza nini na aliahirisha nini? Waziri mzuri anamalizia miradi mitatu na kusimamisha saba. Asiyejua kupanga anagawa kidogokidogo kwenye yote kumi, mwaka unaisha hakuna hata mmoja uliokamilika, na riba za makandarasi wasiolipwa kwa wakati zinaanza kuhesabiwa.

Jambo la pili ni ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Watu wanachukua hoja ya ukaguzi wanambandika waziri. Mwenye dhamana ya fedha kisheria ni Afisa Masuuli: wizarani ni Katibu Mkuu, halmashauri ni Mkurugenzi. Waziri unambana kwa jambo moja: hoja ileile inajirudia miaka mingapi chini yake? Ikijirudia miaka mitatu, basi au haisomi ripoti, au anaisoma na hafanyi kitu.

#7 Bwana Tabata

Mnazunguka sana. Wekeni kigezo cha elimu, mtu awe na shahada angalau mbili, mchezo umeisha. Tena nadhani Katiba inadai shahada.

#8 Wakili Kigamboni

Bwana Tabata, haidai. Ibara ya 39: raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 40, mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa nacho, ana sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Sifa za mbunge ziko ibara ya 67, na upande wa elimu inasema ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi.

Na mimi naona iko sawa. Katiba inaweka mlango, haipimi uwezo. Uwezo unapimwa na chama kwanza, halafu na sisi.

#9 Bwana Tabata

Basi ndiyo tatizo lenyewe hilo, mlango mpana mno. Asipite mtu asiyeweza kusoma mkataba wa gesi au wa bandari.

#10 Dada wa Sinza

Tabata kaka yangu, hata profesa wa sheria hausomi mkataba wa gesi peke yake akamaliza. Anayeweza ni yule anayejua kuuliza: mgawanyo wa mapato unabadilika lini, mgogoro ukitokea unaamuliwa nchi gani, mkataba unavunjwaje, na kodi ikibadilika nani anabeba hasara. Hayo manne mgombea anaweza kuulizwa hadharani na shahada yake isimsaidie kitu.

#11 Mzee wa Magomeni

Wakili kasema chama kinapima kwanza. Tulitazame hilo vizuri, kwa sababu hapa mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu Juni 2013, kesi ya Mtikila, ikasema katazo hilo linavunja haki, lakini sharti la chama bado limo katika Katiba. Maana yake mchujo mkubwa unafanyika kabla yetu.

CCM mwaka 2015 walichukua fomu zaidi ya watu 35. Kamati Kuu ikabakiza watano: Magufuli, Migiro, Amina Salum Ali, Membe na January Makamba. Halmashauri Kuu ikachagua watatu, Mkutano Mkuu mmoja. Kutoka 35 hadi watano ni usiku mmoja wa kikao kisichoonekana, na hapo ndipo swali la utayari lilipoamuliwa. Mwananchi anayetaka kumpima mgombea aombe kujua chama kilitumia vigezo gani kuwaacha wale wengine. Hilo linavihusu vyama vyote, na vya upinzani ndivyo visisahaulike, maana vingine humpokea mgombea kutoka chama kingine wiki chache kabla ya kampeni, bila mchujo wowote wa maana.

#12 Ngalawa

Mzee heshima yako. Nafikiri kipimo kikuu ni uwezo wa kujenga taasisi. Mkapa aliingia akaanzisha TRA, Mamlaka ya Mapato, mapato yakapanda. Hapo ndipo unamjua mtu aliyejiandaa.

#13 Mhasibu wa Kariakoo

Ngalawa, TRA iliundwa kwa Sheria Na. 11 ya 1995, Mkapa akiwa bado hajaapishwa. Alichofanya ni kuifanya ianze kazi, 1 Julai 1996. Nalisema kwa sababu lina uzito kwenye mada: alikuta sheria ya mtangulizi wake mezani na hakuitupa ili aonekane ana lake. Kuendeleza kazi ya mwingine ni sifa ya utayari, na ni ngumu kuipata kwenye kampeni kwa sababu kila mgombea anataka kuanza upya. Mwulizeni: mradi gani wa serikali iliyopo utauendeleza kama ulivyo, na kwa nini? Akishindwa kutaja hata mmoja, hajui kinachoendelea, au anajua na hawezi kukiri.

#14 Ngalawa

Kuanza kazi ndiko kujenga. Sheria bila watumishi, mifumo na majengo ni karatasi. Naendelea kusimama palepale.

#15 Binti Mwambao

Naona mnampima mgombea kama mtendaji tu. Urais wetu una mamlaka mazito: ibara ya 36 inampa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na kuteua viongozi wake, ibara ya 66 inampa kuteua wabunge hadi 10, ibara ya 46 inamkinga asishtakiwe kwa jinai akiwa madarakani, na ibara ya 41 inasema akishatangazwa na Tume hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Kwa mtu wa namna hiyo mimi sianzi na anachoweza kufanya. Naanza na alichokuwa na uwezo wa kufanya akajizuia.

Kinapimika. Alipokuwa na cheo, mkosoaji alifanywa nini? Watumishi aliowatengua walipewa nafasi ya kujieleza kwanza, au walisikia jukwaani mbele ya umati? Mahakama ilipoamua dhidi ya wizara yake alitii, alikata rufaa, au alipuuza? Na yeye mwenyewe kitu kilipoharibika chini yake, alibeba? Mzee Mwinyi mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, vifo ambavyo si yeye aliyeviamuru. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Nani leo ana kitu kama hicho kwenye wasifu wake?

#16 Hansadi

Binti, hilo ni zuri ila lina shimo. Aliyejiuzulu tunamwona. Aliyejizuia hatumwoni, kwa sababu jambo halikutokea na halina kumbukumbu. Utampimaje?

#17 Binti Mwambao

Kwa watu waliofanya naye kazi na sasa hawamhitaji. Makatibu wakuu wastaafu, makatibu tawala wa mikoa, madereva na makatibu muhtasi. Waandishi wa habari hawawatafuti hao, wanatafuta wapambe.

#18 Mjumbe wa Mtaa

Dereva wa waziri anajua kuliko CAG. Nakazia.

#19 Wakili Kigamboni

Mbona hakuna aliyemgusa mgombea mwenza? Kura ni moja kwa wote wawili, na ibara ya 47 inataka kama Rais anatoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Vyama vingi vinachukulia hilo kama kujaza nafasi. Lakini ibara ya 37 inasema Rais akifariki Makamu anaapishwa na kumalizia kipindi. Hakuna uchaguzi mwingine. Tumeliona: 17 Machi 2021 msiba wa Magufuli ulitangazwa, tarehe 19 Makamu akaapishwa, na tarehe 30 Bunge likamthibitisha Makamu mpya. Siku 13 kutoka msiba hadi safu mpya, ndani ya janga la korona.

Marekani Truman alikuwa Makamu kwa siku 82 tu Roosevelt alipofariki, 12 Aprili 1945. Mradi wa bomu la atomiki alielezwa kwa kina tarehe 25, akiwa tayari Rais. Kwa hiyo swali kwa mgombea urais liwe: Makamu wako ataingia vikao gani, ataona taarifa zipi, na utamkabidhi eneo gani alisimamie kila siku? Jibu la "tutashirikiana" halitoshi.

#20 Mzee wa Magomeni

Na afya, Wakili. Malizia.

#21 Wakili Kigamboni

Mzee, kwa mgombea hakuna sheria inayomlazimisha kutangaza afya yake kwa umma. Kwa Rais aliyeko madarakani kuna utaratibu, ibara hiyohiyo ya 37: Baraza la Mawaziri likiona hawezi kumudu kazi kwa maradhi ya mwili au akili, linaweza kupeleka hoja kwa Jaji Mkuu, naye anateua bodi ya utabibu ya watu wasiopungua watatu. Ugumu wake ni kwamba wanaoanzisha ni mawaziri, ambao wote ameteua yeye. Ndiyo maana naona kipimo cha afya kifanyike mwanzoni, wakati hakuna mwenye cha kupoteza.

#22 Dada wa Sinza

Hapo sikubaliani. Ukifungua mlango wa afya, kesho presha na kisukari vitatumika kuwaondoa watu wazima wote na wanawake wakiulizwa mambo yasiyohusu. Ratiba ya kampeni yenyewe inapima: mikoa zaidi ya 20, mikutano kadhaa kwa siku, kwa wiki nane au tisa.

#23 Mhasibu wa Kariakoo

Kampeni inapima mapafu na miguu. Haimpimi mtu kukaa na jalada saa nne za usiku.

Turudi kwenye ilani, kwa sababu pale kila mmoja wetu anaweza kupiga hesabu na kalamu. Chukua ahadi ya kuajiri walimu 10,000. Weka mshahara wa 800,000 kwa mwezi, ni mfano tu. Mara miezi 12 ni milioni 9.6 kwa mwalimu. Mara 10,000 ni bilioni 96 kwa mwaka. Ongeza mchango wa mwajiri PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15, unafika bilioni 110.4. Kwa miaka mitano ni bilioni 552 kabla ya kupandisha madaraja na nyongeza ya mwaka. Na mwalimu huyo atalipwa hadi astaafu, haondoki na ilani.

#24 Ngalawa

Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49. Bilioni 110 hapo ni kama asilimia 0.2. Unawatisha watu bure.

#25 Mhasibu wa Kariakoo

Hulinganishi na jumla, ndugu yangu. Toa kwanza malipo ya deni, ambalo ibara ya 141 inaliweka kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Toa mishahara ya waliopo, pensheni, na miradi yenye mikataba iliyosainiwa. Kinachobaki ndicho mgombea anachoweza kukigeuza, na ilani ina ahadi kama hiyo 40 au 50, zote zikigombea hapohapo. Mgombea aliye tayari atakwambia ahadi ipi inaanza bajeti ya kwanza na ipi inasubiri ya nne. Na atajua kwamba akiapishwa Novemba anakuta bajeti ya mwenzake inayokwenda hadi 30 Juni. Yake ya kwanza inaanza Julai. Anayesema "ndani ya siku 100 nitaajiri" aulizwe fedha hizo ziko fungu gani.

#26 Ngalawa

Kuna uhamisho wa fedha kati ya mafungu na kuna bajeti ya nyongeza. Rais akitaka linafanyika.

#27 Hansadi

Linafanyika, na kuna fungu lingine linalia. Hilo nalo ni swali la kumwuliza: unatoa wapi?

#28 Bwana Tabata

Basi tuwe na midahalo kama Kenya, haya yote yaulizwe hadharani.

#29 Kalamu ya Ilala

Kenya kwenyewe mwaka 2017 Uhuru hakutokea, Raila akahojiwa peke yake. 2022 Raila hakutokea, Ruto akahojiwa peke yake. Mdahalo bila wote unakuwa mahojiano. Na dakika mbili za kujibu zinampendelea mwenye ulimi. Mimi ningetaka saa mbili, mgombea mmoja, wahojaji watatu, na mada moja tu, mfano Hazina.

#30 Mama Kimara

Wajuzi, shukrani. Sisi huku tunachagua pia diwani, na madiwani ndio wanamchagua meya. Hivi vipimo vinashuka hadi huku? Tangu Jiji la Dar livunjwe Februari 2021 na Ilala ikawa ndiyo Jiji, barabara na dampo vinavyopita manispaa mbili sielewi nani wa kumbana.

#31 Mhasibu wa Kariakoo

Vinashuka, mama, tena vinakuwa rahisi. Anayetaka udiwani mwulize asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo ya vikundi, kwa mwaka ni shilingi ngapi, na katika ule mgawanyo wa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kata yako imepata vikundi vingapi na marejesho yako wapi. Mwulize pia Baraza la Madiwani linaweza kumfanya nini Mkurugenzi. Akikujibu "tutamfukuza", hajui anakokwenda, kwa sababu hamteui yeye.

#32 Mama Kimara

Na hilo la dampo?

#33 Wakili Kigamboni

Mama, la mpaka wa manispaa mbili anza kwa Mkuu wa Mkoa, kupitia Katibu Tawala wa Mkoa, kwa barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Nakala mpe mbunge. Weka tarehe na uombe sahihi ya kupokelewa kwenye nakala yako.

#34 Hansadi

Na jibu likija lilete hapa, tuone limeandikwa na mtu wa namna gani.